Kadi ya Mama Maktaba

Mwalimu Mkuu aliingia maktabani Jumatatu asubuhi akiwa na futi ya mkanda mkononi, akaenda moja kwa moja kupima pembe ya nyuma bila kumsalimu mtu. Pembe hiyo ilikuwa na kabati la ensaiklopedia zilizokosa herufi M hadi R, kiti cha miguu mitatu na nusu, na ndoo ya kukingia maji paa linapovuja.

"Pembe hii inafanya kazi gani?" aliuliza.

"Inakaa tu, Mwalimu," alijibu mwanamke aliyekuwa akigonga vitabu mihuri.

"Basi leo imepata kazi." Mwalimu Mkuu alijifunga futi mkononi kama bangili. "Mwaka jana kijana aliyeongoza hesabu shule nzima amekaa nyumbani kwa sababu tarehe ya fomu ilipita na hakuna aliyemwambia. Nimekutana naye sokoni anabeba magunia. Akaniamkia vizuri tu, nikaona haya mimi. Tunafungua Kituo cha Taaluma na Vyuo, hapahapa. Una wiki sita."

"Mimi?"

"Kwani funguo za maktaba anazo nani?"

Funguo alikuwa nazo yeye kweli. Shule nzima ilimwita Mama Maktaba, hata Mwalimu Mkuu mwenyewe alipojisahau. Miaka kumi na moja nyuma aliajiriwa kufagia na kupiga deki. Mkutubi wa wakati huo akaomba ruhusa ya wiki mbili aende harusini, akamkabidhi funguo amshikie. Harusi hiyo lazima ilikuwa tamu, maana mkutubi hajarudi mpaka leo. Mama Maktaba akaendelea kufungua asubuhi na kufunga jioni, akajifunza kupanga vitabu kwa kuwatazama wanaoviazima, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza kitu.

Aliandika barua kwa vyuo arobaini na kimoja. Ishirini na tisa vilijibu. Kimoja kilimtumia kalenda ya miaka miwili iliyopita na salamu za heri. Vijitabu vilivyokuja alivisoma vyote, tangu picha ya mkuu wa chuo mpaka namba ya simu ya mpiga chapa. Alisoma akipika, alisoma akimenya vitunguu, na akifika penye sifa za kujiunga alisoma kwa sauti.

"Alama nzuri ya hesabu na fizikia, au kemia," alisema akikoroga sufuria.

"Chumvi umetia?" aliuliza mume wake.

"Waombaji wenye uzoefu wa kazi watafikiriwa."

"Nimekuuliza chumvi, mama watoto. Mimi sijaomba kujiunga."

Mume wake alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi kama vinyozi wote, na mvumilivu. Uvumilivu ulimpungua siku aliporudi nyumbani akakuta dirisha la sebuleni liko uchi. Pazia la kijani lilikuwa limekwenda shuleni kuvikwa ubao wa matangazo.

"Majirani wananiona nakula," alilalamika.

"Basi kula kwa adabu."

Wiki nne hazijaisha, pembe ikawa haitambuliki. Meza ilitoka maabara, imejaa madoa ya tindikali. Kompyuta zilikuwa mbili na kipanya kimoja, kwa hiyo mmoja akibofya, mwenzake anangoja. Vijitabu vilipangwa kwa kazi: wanaopenda wagonjwa upande huu, wanaopenda mashine upande ule, wasiojua wanachopenda katikati, na hao ndio walikuwa wengi. Juu ya ubao kulikuwa na orodha ya tarehe za mwisho za fomu, zimeandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mistari miwili, maana kijana wa magunia alikuwa hamtoki kichwani.

Wanafunzi hawakungoja ufunguzi. Walianza kumiminika tangu wiki ya tatu. Alikuja kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, amejaa mashavu, ameshika fomu ya udaktari kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Damu unaiweza?" Mama Maktaba alimuuliza.

"Ya kuku naikimbia, Mama."

"Sasa udaktari wa nini?"

"Baba ndiye anautaka."

"Baba aende yeye." Akavuta kijitabu kutoka upande wa mashine. "Tazama hapa. Ufundi wa vifaa vya hospitali. Mashine ya eksirei ikiharibika, daktari na koti lake jeupe anasimama pembeni anangoja. Unajua anamngoja nani?"

"Nani?"

"Wewe."

Kijana yule alitoka kifua mbele. Kesho yake alirudi na wenzake wanne.

*

Sasa shuleni kulikuwa na mwalimu mpya wa jiografia ambaye wanafunzi walimpa jina la Tai, kwa sababu alivaa tai hata siku ya kufyeka nyasi. Mwalimu Tai alikuwa na moyo safi na mwandiko mzuri, na mtu wa namna hiyo anaweza kukuletea balaa bila kukusudia. Alitoa wazo kwamba kila anayefanya kazi shuleni aandikiwe kadi inayoonyesha amesoma chuo gani, kadi zibandikwe ubaoni, watoto waone kwamba na wakubwa walianzia mahali. Kadi tano zilikwisha kubandikwa. Ya Mama Maktaba alikuwa akiiomba kila siku, na kila siku anaambiwa kesho.

Alhamisi moja, wanafunzi kumi na wawili wakiwa wameizunguka meza, msichana mdogo wa darasa la chini aliinua uso.

"Mama, na wewe ulisoma chuo gani?"

Aliuliza kwa wema kabisa, kama mtu anavyouliza mvua itanyesha au la. Kama Mama Maktaba angesema "sikusoma chuo, mwanangu," pengine msichana angesema "aa" na kuendelea na kijitabu chake. Lakini macho yote yalikuwa yanamtazama, na macho hayo yalikuwa na imani ambayo hakuwahi kuiona ikielekezwa kwake. Mkononi alikuwa ameshika kijitabu cha chuo cha ukutubi, chenye picha ya jengo la ghorofa mbili na bustani ya maua.

"Hiki hapa," alisema.

Maneno mawili tu. Alitamani kuyameza, lakini mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Tai.

"Kumbe!" alisema mwalimu, uso umemng'aa. "Ndiyo maana uko vizuri hivi. Na unavyojificha! Diploma, siyo?"

"Unajua, Mwalimu..."

"Najua, najua, hupendi kujisifu." Alikuwa ameshatoa kalamu. Aliandika kwa herufi za kupendeza: MAMA MAKTABA, CHUO CHA UKUTUBI, STASHAHADA. Diploma hiyo, kwa hiyo, aliitunuku Mwalimu Tai mwenyewe, dakika tano kabla ya kengele ya chakula cha mchana, na kuipigilia ubaoni kwa pini mbili.

*

Habari ilifika kwenye kiti cha kinyozi kabla mhitimu hajafika nyumbani.

"Nimesikia nimeoa msomi," kinyozi alisema jioni, akimpangusia mkewe kiti kwa kitambaa cha begani. "Keti, mheshimiwa. Nisamehe nyumba haina pazia."

"Niache."

"Swali dogo tu. Hiyo miaka miwili ya chuo, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unanyoa."

"Na mtoto nani alimbeba mgongoni? Maana nakumbuka kuna mtu alikuwa ananipikia. Au ulikuwa umeniachia pacha wako?"

Alicheka peke yake. Binti yao alikuwa amekaa mlangoni, anakata kucha, hacheki. Walimwita Rula tangu utotoni, kwa wembamba, na alipokua jina likamfaa zaidi kwa sababu nyingine: hakujua kupindisha maneno. Alikuwa mwaka wa mwisho katika shule hiyohiyo na kadi ameiona kwa macho yake.

"Mama, itoe," alisema.

"Nitaitoa."

"Lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu Mama Maktaba alifika mapema, akasimama mbele ya ubao na mkono ameunyoosha. Mara wakaingia wasichana wawili waliosema wameamua kuomba chuo cha ukutubi, kwa sababu yake. Mkono ukateremka kurekebisha kitu kingine. Jumanne alikuta mtu amechora ua dogo kwenye pembe ya kadi. Utang'oaje kadi yenye ua? Jumatano, wakati wa chai, Mwalimu Mkuu alimpongeza mbele ya walimu wote.

"Miaka yote hii tuna mtaalamu ndani ya nyumba, hatujui! Niletee nakala ya cheti niweke kwenye faili lako. Kituo kitahitaji msimamizi mwenye cheo, nataka kukupendekeza."

"Kipo nyumbani, Mwalimu. Kwenye sanduku."

Chai ilimwia chungu. Uongo wa kwanza ulimponyoka. Huu wa pili aliusema akili zikiwa timamu, akiwa ameshika kikombe cha shule, na aliujua ni wa pili.

*

Katika barua zilizokuja kituoni kulikuwa na moja nene, kutoka taasisi inayowafadhili watoto ambao wazazi wao hawakupita chuo chochote. Ada yote, chakula na malazi, miaka mitatu. Mama Maktaba aliibandika mwenyewe ubaoni, akaandika kwa wino mwekundu: mwisho Ijumaa, saa tisa alasiri, ofisini kwao mjini. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya ufunguzi. Alipoibandika alimfikiria binti yake, moyo ukamruka. Halafu akaiona kadi, vidole viwili tu kutoka kwenye tangazo, na moyo ukarudi chini taratibu.

Alijiambia atasema kesho.

Rula hakumsubiri mtu. Alichukua fomu, akaijaza usiku mmoja kwenye daftari kwanza, kisha kwa kalamu. Alitaka upimaji wa ardhi. Alikuwa amelijua jambo hilo kwa miaka mingi. Ndiye aliyewapimia majirani wawili waliogombana kuhusu uzio, kwa kamba na vijiti, na wote wawili wakakubali, wakamchukia kwa usawa. Fomu ilidai mkuu wa shule agonge muhuri kuthibitisha habari za wazazi. Alhamisi asubuhi aliipeleka.

Kilichotokea ofisini Mama Maktaba alikisikia adhuhuri, kutoka kwa Mwalimu Tai, aliyekuja maktabani tai imelegea.

"Mama, samahani. Sijui nianzie wapi. Rula amepatwa na nini?"

"Amefanyaje?"

"Ameandika kwenye fomu kwamba hakuna mzazi aliyesoma chuo. Mwalimu Mkuu akamwambia, mama yako ana diploma, kadi iko ubaoni, unataka nigonge muhuri juu ya uongo? Tulikuwepo walimu kama sita. Mtoto hakujibu. Aliambiwa ameaibisha shule, na ameiba nafasi ya mwenzake mwenye shida ya kweli. Bado hakujibu. Alichukua fomu yake akatoka. Mimi namjua yule mtoto, Mama, hawezi kudanganya hata kwa kulazimishwa. Nimeshindwa kuelewa."

Mama Maktaba alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu na nusu, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka kujiegemeza upande ulio mzima. Mwalimu Tai akamdaka.

"Unaumwa?"

"Ndiyo," alisema. Hapo hakudanganya.

*

Rula alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Alikamua shati la shule kana kwamba lilimkosea.

"Kwa nini hukusema?" mama yake aliuliza.

"Kusema nini?"

"Ukweli. Ungesema tu, mama yangu amedanganya."

"Mbele ya walimu sita?" Rula alitundika shati kwenye kamba. "Nilikuambia uitoe."

"Nilitaka kuitoa."

"Ulitaka." Alichukua shati la pili. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Sasa shuleni mimi ndiye mwongo. Wewe una diploma."

Mama Maktaba alisimama pale na mikono yake mitupu. Alitaka kumsaidia kukamua, akaona hata hilo lisingefaa.

Ijumaa saa moja na nusu alikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, fomu ya Rula mkobani. Alikataa kiti. Alisema yote akiwa wima: harusi ya mkutubi, kijitabu mkononi, maneno mawili, cheti kisichokuwa kwenye sanduku lolote. Mwalimu Mkuu alimsikiliza huku rangi ikimbadilika. Mezani kwake kulikuwa na rundo la ratiba za ufunguzi zilizochapwa, na kwenye kipengele cha nne iliandikwa: Maelezo ya kituo, kutoka kwa mtaalamu wetu mwenye stashahada ya ukutubi.

"Wageni wanafika saa nne," Mwalimu Mkuu alisema mwishowe. "Saa nne! Na wewe unaniletea haya sasa?"

"Nilichelewa, Mwalimu."

"Ulichelewa." Alisugua paji la uso. Akaitazama saa ya ukutani, akazitazama ratiba. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imeshuka. "Sikiliza. Lete fomu ya mtoto, nigonge muhuri sasa hivi. Haki yake apate. Kadi tuiache mpaka wageni waondoke, tutaitoa Jumatatu kimyakimya. Hakuna atakayejua."

Ilikuwa njia nzuri. Mama Maktaba aliitazama kama mtu anavyotazama kitanda kilichotandikwa baada ya siku ndefu. Binti angepata muhuri, yeye angebakiwa na uso wake, wageni wangekula keki.

"Muhuri naushukuru," alisema. "Lakini mwanangu ameitwa mwongo mbele ya watu sita, na kufikia jana jioni ni shule nzima. Tukifanya kimyakimya, ataendelea kuitwa hivyo mpaka amalize. Nipe kipengele changu, Mwalimu."

"Utasema nini?"

"Sijui. Lakini hakitakuwa kirefu."

Mwalimu Mkuu alifungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia kama ilivyo kawaida yake, na kuugonga kwenye fomu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Fomu ilibebwa na kinyozi. Rula, alipokabidhiwa na mama yake, alimpelekea dukani saa tatu na robo, maana saa nne yeye mwenyewe alikuwa anaingia kwenye mtihani wa majaribio wa wanaochukua jiografia, mpaka adhuhuri. Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha dereva wa pikipiki, upande wa kulia tayari, upande wa kushoto msitu.

"Samahani ndugu yangu," alisema akizima mashine, "nafunga."

"Unafungaje? Nitaendaje barabarani hivi?"

"Vaa kofia ya pikipiki. Na kwa kuwa unavaa kofia, na pikipiki unayo, unipeleke mjini. Mtoto wangu anaomba chuo."

Dereva alijitazama kwenye kioo, akapima hasira yake, akaona haina pa kwenda. "Ukirudi unaninyoa bure mwaka mzima," alisema.

"Nusu mwaka. Nimeshakunyoa nusu."

Waliondoka wakibishana.

Saa nne maktaba ilijaa. Wageni watano walikaa mbele kwenye viti vya ofisi ya walimu, wanafunzi nyuma, wengine juu ya meza ambazo miaka yote walikatazwa hata kuziegemea. Mwalimu Tai ndiye alikuwa mshereheshaji, na alipofika kipengele cha nne alisoma kama kilivyoandikwa, kwa mbwembwe zote, mpaka neno la mwisho.

Mama Maktaba alisimama kando ya ubao.

"Wageni wetu, walimu, wanangu," alisema. "Kabla sijaonyesha kituo, kuna kosa kwenye ubao." Akang'oa pini ya kwanza, akang'oa ya pili. "Mimi sijasoma chuo hiki. Sijasoma chuo chochote. Niliulizwa na mtoto, nikaona haya kusema hapana, nikadanganya. Mwalimu aliyeandika kadi hakuwa na kosa, aliniamini tu. Jana binti yangu aliandika ukweli kwenye fomu yake, akaambiwa mwongo. Alinyamaza ili nisiaibike mimi. Kwa hiyo mjue, kati yetu wawili mwongo ni huyu anayezungumza."

Mmoja wa wageni aliinamisha kichwa akaanza kusoma ratiba yake kwa makini makubwa, kana kwamba humo ndimo pangepatikana la kufanya. Mwalimu Mkuu aliutazama mlango. Mwalimu Tai alishika tai yake kwa mikono miwili. Rula hakuwepo, alikuwa chumba cha mtihani, ukuta wa pili, na mama yake alijuta na kushukuru kwa wakati mmoja.

Kisha nyuma kabisa mkono ukainuka. Alikuwa yule kijana wa mashavu.

"Mama," alisema kwa sauti ya mtu aliyeingiwa na hofu ya kweli, "kwa hiyo ile ya vifaa vya hospitali nayo ni uongo?"

"Hapana, mwanangu! Hiyo ni kweli tupu. Ukurasa wa kumi na nne. Fizikia, hesabu, na mwisho wa kupokea fomu ni tarehe ishirini."

"Na sisi wa ukutubi?" aliuliza mmoja wa wale wasichana wawili.

"Chuo ni kizuri, nimekisoma mara tatu. Mna nafasi nzuri. Ila mkienda, mwende kwa sababu yenu."

"Na hosteli ina maji?"

"Kijitabu kinasema yapo. Nilipiga simu kuuliza, mlinzi akasema siku nyingine yapo."

Mtu alicheka, halafu wengi. Kicheko kilipanda mpaka mbele kwa wageni, na mgeni aliyekuwa anasoma ratiba akaiweka chini. Maswali hayakuisha mpaka keki ikakauka pembeni. Mama Maktaba alijibu yote, jasho likimtoka, na lile asilolijua alisema "hilo silijui, ngoja tulitafute," na wakalitafuta hapohapo kwa kompyuta mbili na kipanya kimoja.

*

Jumatatu alipewa barua ya onyo, nakala kwenye faili. Cheo cha msimamizi wa kituo alipewa Mwalimu Tai, kwa sababu fomu za wizara zilidai mtu mwenye cheti. Mama Maktaba alitia saini barua na nakala yake. Iliuma. Kila mgeni alipokuja, Mwalimu Tai alikaa mbele kama msimamizi, na kila mgeni alipouliza swali, Mwalimu Tai aligeuka nyuma na kusema, "Mama, hii ikoje?" Baada ya wiki tatu aliacha kukaa mbele. Aliweka viti viwili sambamba, akakipigilia mguu kile cha miguu mitatu na nusu, akakikalia yeye.

Walimu walimtaka radhi Rula, kila mmoja kwa namna yake. Mwalimu Mkuu alimwita ofisini, akakohoa, akampa kalamu mpya. Rula aliipokea kwa mikono miwili, akaenda zake. Kwa mama yake alikuwa na salamu za asubuhi na za jioni, na katikati hakuna kitu. Aliitwa kwenye mahojiano ya ufadhili mjini, akaenda, akarudi, akaulizwa yalikwendaje, akasema vizuri, akaenda kuteka maji.

"Atanuna mpaka lini?" mama alimuuliza mume wake.

"Muulize aliyemzaa. Mimi mwenyewe uliwahi kuninunia miezi minne kwa ajili ya sahani."

"Ilikuwa sahani ya mama yangu."

"Basi vuta subira."

Barua ilikuja wiki ya saba, kwa anwani ya kituo, kama barua zote za vyuo. Mama Maktaba aliona jina la Rula juu yake, akaiweka mezani, akaiwekea mikono juu. Mwalimu Tai alimshauri aielekeze kwenye mwanga, pengine herufi zingeonekana. Alimkatalia kwa jicho moja tu. Kengele ya saa nne ilipolia Rula akaja, akaichana pembeni kwa uangalifu, akasoma akiwa amesimama. Uso haukusema kitu. Alisoma mara ya pili. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, mbele ya mama yake, kama mwanafunzi yeyote aliyekuja kuomba ushauri.

"Wamenichukua," alisema. "Miaka mitatu yote."

Mwalimu Tai alisimama, akajifanya ana kazi kwenye kabati la ensaiklopedia.

"Kuna kitu sikukuambia," Rula aliendelea, macho kwenye barua. "Kule kwenye mahojiano. Walikuwa wazee watatu. Mmoja akaniuliza, fomu hii haina kosa hata moja, na vielelezo umevipanga vizuri kuliko sisi tulivyoomba, nani alikufundisha? Nikasema, mama yangu. Akauliza, amesoma wapi? Nikasema, hajasoma popote, ndiyo maana niko hapa."

"Wakasema nini?"

"Wawili wakacheka. Yule wa katikati hakucheka. Akasema pale ofisini kwao fomu zinawachanganya makarani kila mwaka, akauliza kama unaweza kuja kufanya nao kazi."

"Mahojiano yalikuwa mwezi uliopita, Rula! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimekununia."

"Na huyo mzee ulimjibu nini?"

Rula alikunja barua mara mbili, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya mama yake.

"Nilimwambia haiwezekani," alisema. "Nikamwambia mama yangu ana kazi."